Kitabu Hiki Kinakufundisha Kutamani Nini?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana na wazazi hapa Ngara, Nairobi, baina ya Alasiri na Magharibi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mlioketi huko nyuma, nimeombwa niseme juu ya riwaya. Si zile za kutahiniwa shuleni. Ni zile ambazo kijana anazisoma chini ya shuka kwa mwangaza wa simu: za wachawi, mazimwi, wanyonya damu, na watoto wanaopigana kuokoa dunia. Niseme wazi tangu mwanzo kwamba mimi si sheikh. Hukumu za halali na haramu nawaachia wenye elimu yake. Mimi ni msomaji tu, na vitabu nitakavyovitaja nimevisoma, vingine mara mbili.

Swali ambalo wazazi huniuliza ni hili: "Hicho kitabu kina uchawi?" Kikiwa nao, kinachukuliwa. Kisipokuwa nao, kinaachwa. Mambo yanaishia hapo. Na mtoto naye anajifunza jambo moja tu, nalo ni kukijalidi kitabu kwa gazeti, ama kukisoma kwenye simu ambako mama haoni jalada. Sasa mtoto amebaki na kitabu peke yake, hana wa kumuuliza. Mimi hilo ndilo linalonitia hofu kuliko fimbo yoyote ya mchawi.

Msinielewe vibaya. Uchawi si mchezo. Tunajua Suratul Baqara, aya ya 102, inavyowalaumu wanaojifunza mambo hayo. Lakini pia tunasoma katika Surat Taha habari za wachawi wa Firauni, ambao walipoiona haki ndio waliosujudu. Hizo si hekaya, ni kweli tunayoiamini. Nazitaja ili tuone kwamba kuutaja uchawi si kuuita. Kitu huweza kutajwa ili watu wakijue na wakiepuke.

Kwa hiyo mimi nikifunga kitabu hujiuliza swali jingine: hiki kinamfundisha msomaji kutamani nini? Hebu tupime vichache kwa mizani hiyo.

Tuanze na kinachojulikana zaidi, Harry Potter. Kitabu cha kwanza cha J. K. Rowling kilitoka 1997, cha saba 2007. Watu wa dini nyingi walikilalamikia kwa sababu ya shule ile ya uchawi. Lakini ukifika mwisho utaona kwamba adui wa hadithi, Voldemort, ni mtu aliyekataa kufa. Aliikata roho yake vipande vipande akavificha, na kila kipande kilimgharimu kuua. Harry naye, alipoipata fimbo yenye nguvu kuliko zote, hakutaka kuishika. Aliamua irudi ilikotoka. Basi kitabu kinamfundisha mtoto kuogopa tamaa ya madaraka, na kukubali kwamba mauti yapo. Ila kuna jambo halikunipendeza: watoto wale wanawadanganya wakubwa wao mara kwa mara na wanasifiwa kwa ujanja. Mzazi, hilo ndilo ungezungumza na mwanao. Fimbo anajua mwenyewe kwamba ni ya uongo.

Sasa tazama Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005. Humo hamna shule ya uchawi. Msichana wa miaka 17 anampenda mnyonya damu. Kijana huyo anaingia chumbani mwake usiku bila idhini, anasimama akimtazama alivyolala, na kitabu kinataka tuyaite hayo mapenzi. Dada yangu, ukifanyiwa hivyo hapa Ngara utasema umependwa, ama utapiga kelele majirani waje na rungu? Kisha msichana yule yuko tayari kuwaacha wazazi wake na hata ubinadamu wake kwa ajili ya mvulana. Kwangu mimi, tamaa anayofundishwa msichana humo ni nzito kuliko fimbo zote za Harry Potter.

The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, haina jini wala hirizi. Watoto 24 kutoka wilaya 12 wanatupwa uwanjani wauane, na watu wa mji mkuu wanatazama kwenye televisheni huku wakishangilia. Katniss anaingia humo kwa sababu amejitoa badala ya mdogo wake. Kuna damu nyingi. Mtoto wa miaka tisa simpi. Lakini kijana wa shule ya upili namwambia asome, kisha ajiulize ni mara ngapi ameletewa kwenye simu video ya mtu anayepigwa na umati kwa kuitwa mwizi, akaitazama hadi mwisho, akawatumia wenzake. Tunafunga kula na kunywa. Je, macho yetu yamefunga?

Halafu kuna Akata Witch ya Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kilichotoka 2011. Shujaa wake ni Sunny, msichana mwenye ualbino. Katika ulimwengu ule wa siri anaoingia, mtu akijifunza jambo jipya fedha humwangukia kutoka hewani. Elimu ndiyo utajiri. Hilo nimelipenda sana. Na tukumbuke kwamba kwa jirani zetu Tanzania, kuanzia miaka ya 2000, watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina. Kumwona msichana kama huyo akiwa shujaa wa hadithi si jambo dogo.

Lakini hapa ndipo ninapomwomba mzazi akae karibu zaidi. Mtoto wa ng'ambo akisoma habari za juju, kwake ni ndoto ya mbali. Mtoto wetu akitoka nje tu anakuta namba ya simu ya mganga imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, mganga wa kurudisha mapenzi na kuongeza mali. Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Kisii mwaka 2008 watu walichomwa moto kwa tuhuma hizo hizo. Kwa hiyo kitabu kile kisomwe, na mtoto aambiwe wazi mpaka uko wapi: hii ni hadithi, na yule wa kwenye nguzo ni tapeli anayekula fedha na imani yako.

Vijana huniambia, "Vitabu vya kwetu ni vya mawaidha tu, havina maajabu." Nani amewadanganya? Shaaban Robert aliandika Adili na Nduguze. Humo ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtosa ndugu yao baharini kwa husuda. Jini anawageuza manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku, naye roho inamuuma. Maajabu yote yale yanakuhudumia wewe msomaji uone husuda inavyomtoa mtu katika utu, na huruma inavyomrudisha. Au msome Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale. Watu wanaogopa mzimu, naye Bwana Msa na kiko chake anatumia akili mpaka ukweli unatoka, kumbe mkosaji ni binadamu. Vitabu hivi vina zaidi ya miaka hamsini, na kijana akivipata katika vile vilivyotandazwa kando ya njia mjini, huviruka akaokota vya ng'ambo.

Mwisho nimekiweka kitabu ambacho ningetamani kila nyumba hapa ikizungumzie. Kinaitwa The House of Rust, cha Khadija Abdalla Bajaber, binti wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut. Mswada wake ulishinda tuzo ya Graywolf kwa waandishi wa Afrika mwaka 2018, kitabu kikatoka 2021, na mwaka 2022 kikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Shujaa ni Aisha, binti wa mvuvi. Baba yake anapotea baharini. Watu wazima wanangoja, Aisha hangoji. Anapanda mashua ya mifupa pamoja na paka anayesema, anakwenda kupambana na madubwana ya bahari ili amrudishe baba yake.

Fikirini jambo hili. Miaka yote hiyo binti zetu wamesoma juu ya mashujaa wa London na Marekani, wakajiona wao ni wa kupita pembeni ya hadithi. Humu kuna binti wa Kiislamu wa mji wetu wa pwani, kuna salamu zetu, kuna nyanya anayetaka mjukuu wake aolewe atulie. Na Aisha anatamani nini? Kwanza anatamani baba arudi nyumbani. Hakuna mzazi atakayelipinga hilo. Lakini baba akisharudi, Aisha hatulii tena. Ameiona bahari, na sasa anataka njia yake mwenyewe.

Wazazi, hapa msikasirike. Najua nyumba nyingi zina Aisha. Amefanya vizuri mtihani, anataka kusoma mbali, na shangazi ameshaleta habari za mchumba. Kitabu hakimlaumu nyanya. Anampenda mjukuu wake, na hofu yake ina sababu, maana bahari imeshawachukua watu. Ila kinaonyesha kwamba mapenzi na hofu vikikaa chumba kimoja bila kuzungumza, mtoto huondoka kimoyomoyo kabla hajaondoka kwa miguu. Kizungu chake si chepesi; wa darasa la sita hatakiweza peke yake. Vizuri! Asomewe.

Basi nawaombeni mambo matatu. Mwezi huu kitabu cha kwanza kinajulikana, hakuna wa kushindana nacho; riwaya ingoje Idd. Idd ikishapita, kila nyumba ichague riwaya moja, mzazi na kijana waisome wote wawili. Mzazi asiyejua Kiingereza asimuliwe na mwanawe jioni baada ya chakula. Hapo mtoto atakuwa mwalimu, naye atafurahi. La tatu, kabla ya kukinyang'anya kitabu, muulize mtoto: huyu shujaa wako anatamani nini, na wewe ungetamani hicho?

Mnaijua McMillan, ile maktaba iliyo jirani na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Walitufungia vitabu kwa sheria. Tusije sisi tukawafungia watoto wetu kwa hofu, wala tusiwafungulie mlango tukawaacha waingie gizani peke yao. Tuingie nao.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awalinde watoto wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.