Bei ya Kuifikia Haki: Gharama za Kesi na Migogoro ya Vihamba Kilimanjaro

Gharama za kesi ni fedha, muda na nguvu zote anazotumia mdaawa tangu anapoamua kudai haki yake hadi anapokabidhiwa. Ada ya mahakama ni sehemu moja tu ya jumla hiyo, na mara nyingi si kubwa. Kwa kuwa ndiyo yenye kiwango kilichoandikwa na risiti, mijadala mingi huanza nayo na kuishia hapo. Mjane wa Rombo ambaye shemeji zake wamehamisha masale ya mpaka wa kihamba chake hukatishwa tamaa na mengine: nauli, malipo ya kuandikiwa nyaraka, nakala, siku za kazi zinazopotea, na hofu ya kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Migogoro ya vihamba inaonyesha tatizo hili waziwazi. Kihamba ni shamba la migomba na kahawa linalorithiwa ndani ya ukoo. Kimegawanywa kizazi baada ya kizazi, hata kinachogombewa leo huweza kuwa ukanda mwembamba tu wa ardhi. Bei yake sokoni ni ndogo, ila ndimo yalimo makaburi ya wazazi na ndimo watoto watakamojenga. Kwa hiyo hesabu ya kawaida ya kulinganisha gharama na thamani haifanyi kazi. Mtu anaweza kuuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba, ili kutetea kipande kilichobaki. Mwanaanthropolojia wa Marekani Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Uchaggani mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alionyesha jinsi mashauri mengi ya aina hii yalivyosikilizwa kwanza na ukoo na majirani. Huko nako kulikuwa na gharama, yaani mbege, pombe ya ndizi, iliyotolewa kwa wasikilizaji. Tofauti ni kwamba gharama hiyo ilijulikana mapema na ililipwa karibu na nyumbani.

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilijaribu kuubakiza ukaribu huo. Iliweka ngazi kuanzia baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata, ikipanda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na Mahakama Kuu. Baraza la kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama mbele yake, lakini ndugu aliweza kumsemea ndugu. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza hilo mamlaka ya kuamua. Sasa linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Wilaya.

Yapo ya kuungwa mkono katika mabadiliko hayo, kwani maamuzi mengi ya kata yalikuwa yakivunjwa kwa kasoro za utaratibu. Ila mzigo umehama kutoka kwenye taasisi ukamwangukia mwananchi. Shauri dogo ambalo zamani lingeweza kuishia kata sasa linaanzia mahali ambapo upande mmoja unaweza kuja na wakili na mwingine ukaja mikono mitupu.

Wakili ni gharama inayohitaji kutazamwa kwa haki. Malipo yake yana kanuni, yaani Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, na kazi yake ina thamani. Tatizo ni mahali na lugha. Mkazi wa Mkuu, wilayani Rombo, ambaye shauri lake limefika Mahakama Kuu hupanda gari kupitia Mwika, Marangu na Himo hadi Moshi, mara nyingine ili aambiwe kesi imeahirishwa. Na kwa miongo mingi, hati za madai, viapo na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, ikawa hata mtu anayejua vyema anachodai lazima amlipe mtu wa kumwandikia, kisha wa kumsomea alichoandikiwa. Sheria ya mwaka 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilipunguza gharama ambayo haikuwahi kuonekana kwenye risiti yoyote.

Gharama nzito kuliko zote ni ile ya kurudia. Shauri linafunguliwa, pingamizi la awali linawekwa, kasoro ya kifungu au tarehe inaonekana, na shauri linaondolewa bila kiini chake kuguswa. Mdai analipa upya ada, uandishi na nauli kwa swali lilelile ambalo bado halijajibiwa. Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 Bunge liliongeza kwenye sheria za mienendo ya madai lengo la kumaliza mashauri kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikiwa Mwanza ililitumia lengo hilo katika mgogoro wa ardhi ulioanzia baraza la kata mkoani Mara. Ilikataa kubatilisha mwenendo mzima kwa hoja ya namna wajumbe wa baraza walivyoorodheshwa. Uamuzi wa aina hiyo humpunguzia maskini gharama kuliko punguzo lolote la ada, kwa kuwa unamwepusha na safari nzima ya pili.

Kisha kuna gharama zinazofuata hukumu. Kanuni ni kwamba anayeshindwa humlipa mshindi, na hakimu anayeamua vinginevyo lazima atoe sababu. Mshindi huwasilisha orodha ya gharama zake ndani ya siku 60, na ofisa mkadiriaji huipitia kipengele kwa kipengele. Zaidi ya moja ya sita ya jumla ikikatwa, mwombaji hukosa gharama za ukadiriaji wenyewe. Hilo ni zuio zuri dhidi ya madai yaliyotiwa chumvi. Utaratibu huu humlinda mtu anayesumbuliwa kwa kesi zisizo na msingi. Lakini kwa mwenye madai ya kweli na mfuko mtupu, tishio la kulipa pande mbili linatosha kumfanya asifungue shauri kabisa, na hakuna rejista inayomhesabu mtu ambaye hakufika mahakamani.

Suala la fedha kuwa kizuizi mlangoni liliamuliwa nchini mwaka 2002, katika rufaa ya Julius Ishengoma Francis Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Sheria ya uchaguzi ilimtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke mahakamani shilingi milioni 5 kama dhamana ya gharama kabla shauri halijapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Barnabas Samatta akiongoza, ilibatilisha sharti hilo kwa kukiuka ibara ya 13 ya Katiba. Kenya imeliandika jambo hilo katika ibara ya 48 ya Katiba ya mwaka 2010: ada ikihitajika, iwe ya kiasi na isizuie upatikanaji wa haki. Uingereza ilifikia hapo mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta ada za mabaraza ya kazi zilizoanzishwa mwaka 2013, kwani idadi ya madai ilikuwa imeporomoka. Mifano hiyo yote inahusu malipo yaliyowekwa na serikali. Nauli ya kutoka Mkuu haina kifungu cha kubatilishwa.

Eneo hili linakumbuka njia nyingine ya kubeba gharama. Wameru, majirani wa Wachagga, walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, walichangishana. Mwaka uliofuata mwakilishi wao Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria kutoka Bermuda aliyefanya kazi zake Moshi. Jamii nzima iliweza kubeba gharama hizo kwa sababu ilikuwa upande mmoja. Katika mgogoro wa kihamba ukoo wenyewe umegawanyika, na wanaume wenye fedha mara nyingi ndio wanaodaiwa, hivyo mjane au binti hana wa kumchangia.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na msaada wa kisheria. Shirika la KWIECO la Moshi limewahudumia wanawake wa Kilimanjaro tangu mwaka 1987, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi vijijini. Kazi yao hasa ni ya mwanzo: kueleza haki, kuandika barua, kupatanisha, kumwelekeza mtu kwenye baraza sahihi. Ni msaada wa thamani kubwa. Hata hivyo msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili, na rufaa zinapoanza ndipo msaada unapopungua. Kanuni za ada zinaruhusu pia mtu asiye na uwezo kusamehewa malipo, lakini hana budi kuomba na kuthibitisha umaskini wake, na maombi hayo nayo yanahitaji mwandishi.

Hatua ya mwisho ni utekelezaji. Aliyeshinda hakabidhiwi kihamba siku ya hukumu. Lazima apate nakala ya hukumu na tuzo, aombe kukazia hukumu, na ikibidi atumike dalali wa mahakama, ambaye naye hulipwa. Rufaa ikikatwa katikati, utekelezaji huweza kusimamishwa kwa amri ya mahakama. Ikiwa shauri lilianzia mahakama ya mwanzo, kwa mfano kama la mirathi, kufika Mahakama ya Rufani kunahitaji kwanza cheti cha Mahakama Kuu kuthibitisha kwamba ipo hoja ya kisheria, ombi linaloandaliwa na kulipiwa peke yake. Muda wote huo kahawa inaendelea kuchumwa na aliyeko shambani, na mara nyingi mapato hayo ndiyo yanayomlipa wakili wake.