UMEME WA UPEPO NA MASHAMBA YETU: MANENO YALIYOSOMWA KWENYE MKUTANO WA TAWI, DIMANI

Wengi siku ya mkutano mlikuwa shambani na wengine majini, hivyo tunawatumia hapa yale yaliyosomwa na ofisi ya Katibu. Mtuwie radhi kwa urefu.

Jambo lilianzia kwenye kundi hili hili. Ilirushwa picha ya yale mapangaboi makubwa ya kuzalisha umeme. Wapo waliosema ndiyo maendeleo, wapo waliosema yanafukuza mvua. La mvua tulimalize. Mvua yetu inatoka Bahari ya Hindi, nguzo yenye panga haiwezi kuizuia.

Faida zipo. Upepo haununuliwi, hauchomi gesi wala mafuta. Pale Mwenga, Mufindi, mkoani Iringa, kuna mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4, ilianza mwaka 2020. Iko kwenye mtandao mmoja na mtambo mdogo wa maji, na kiangazi mto ukipungua upepo unashika zamu. Sisi wa Rufiji na Kibiti tunalielewa hilo haraka. Juu yetu kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na Aprili 2024 tuliona maji mashambani na majumbani. Ubishi wa nani alikosea tusiurudie leo. Ila nchi inayouegemea sana mto huumia ukikauka, na walio chini huumia ukijaa.

Sasa hasara. Wazee wa mashua mnajua kuliko mhandisi yeyote: kuna kusi, kuna kaskazi, na katikati kuna maleleji, tanga linalala. Umeme nao hulala. Tena mwendo wa upepo ukipungua nusu, nguvu yake haibaki nusu. Inabaki nusu ya nusu ya nusu, yaani sehemu moja ya nane. (Tumesomea uhasibu, na bado hesabu hii tuliirudia mara mbili.) Kwa hiyo asije mtu akasema minazi inatikisika, basi hapa panafaa. Upepo hupimwa kwa mnara, mwaka mzima au zaidi. Kuna na ndege wahamao wa delta, eneo ambalo tangu 2004 limo kwenye mkataba wa Ramsar. Hao nao panga huwaua.

Lakini tuliposimama muda mrefu ni kwenye ardhi. Kule Marsabit, Kenya, mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365, megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari 2017, laini ya kusafirisha umeme ikachelewa hadi 2018, na wananchi wa Kenya wakabebeshwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwafikia. Ardhi iliyotengwa ni eka 150,000. Wafugaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikatamka kuwa hati zile hazikutolewa kwa kufuata sheria. Kinangop ilikuwa mbaya zaidi: wakulima walikataa, maandamano yakaleta kifo, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Upepo ulikuwepo. Watu ndio hawakuulizwa vizuri.

Na ajabu, nguzo na barabara zake hula sehemu ndogo tu ya eneo. Katikati unaweza kulima. Kwa hiyo swali letu lingekuwa: kwa nini uuze shamba zima? Malipo ni ya mara moja au ya kila mwaka? Fidia ya mkorosho mmoja inahesabu mavuno ya miaka mingapi?

Tunasema haya kwa sababu Dimani hakuna mwekezaji wa upepo aliyebisha hodi, lakini madalali wamekwisha fika. Tunazo taarifa za wenzetu wawili kupokea kianzio kwa mashamba ya urithi, kwa tetesi tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi: ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa na ni chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa, ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuyapima mapendekezo ya kijiji. Mwenyekiti peke yake hana uwezo huo. Wala tawi letu la chama halina, tusijipe madaraka yasiyo yetu.

Aliyepokea kianzio asione haya. Aje na karatasi aliyoisaini, hata kama ni ya daftari, ofisi ya tawi ipo wazi jioni baada ya Alasiri hadi Ijumaa. Tutaisoma pamoja naye, kisha tutamsindikiza kwa Mtendaji wa Kijiji. Asiye na hati ya hakimiliki ya kimila naye alete jina lake na mipaka ya shamba, tuandae orodha moja.

Katibu wa Tawi, Dimani