Mchezo wa Simu Unaokwisha Mapema

Wewe ni mama au mlezi hapa Boito. Umetoka kuchuna majani chai, mgongo unauma, na mtoto anaomba simu acheze gemu. Umpe mchezo gani?

Kwanza, umri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Kwa mtoto mkubwa, chagua mchezo mwepesi unaokwisha wenyewe, kama ule wa nyoka uliokuja na simu za Nokia mwaka 1997. Nyoka akijiuma, mchezo umekwisha.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilimwekea mwanangu mchezo wa shamba. Asiponyunyiza maji, mimea inanyauka. Kumbe alikuwa akiamka usiku kuinyunyizia! Darasani akawa anasinzia. Nilidhani ni malaria, nikampima, hakuwa nayo. Ulikuwa ukosefu wa usingizi. Nikaufuta mchezo ule.

Basi mama, ucheze wewe kwanza. Jiulize: Raundi moja ni dakika ngapi? Mtoto akiuacha, anapoteza kitu? Unadai pesa? Ukitaja dau au M-Pesa, ufute.

Kisha usimwambie "cheza kidogo." Mwambie "raundi 3," mhesabu pamoja. Usiku simu ilale kwako, si kwake.