Friji Linalopiga Shoti Lina Neno

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu)

Leo sikuja kuzungumzia malaria wala UKIMWI. Msishangae. Umeme nao ni suala la afya, maana unaweza kumuua kijana mzima, asiye na ugonjwa wowote, kwa sekunde chache tu.

Nianze na swali. Nani kwao kuna friji ambalo lazima uvae ndala kabla ya kulifungua? Naona mikono, na mnacheka! Na nani huchomeka plagi ya pini mbili kwa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu? Lo, karibu wote. Basi mazungumzo ya leo ni yenu.

Pini ya tatu ni ya nini?

Soketi nyingi hapa Tanzania zina matundu matatu. Zinafuata kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947. Matundu mawili ya chini ni ya waya wa moto na nyutro: umeme unakuja kwa huu, unarudi kwa ule. Tundu la juu ni la ethi. Waya wake ni wa kijani, au kijani na njano, na unakwenda mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Siku za kawaida waya huu haubebi kitu. Ndiyo maana wengine wanauona wa bure, wanaukata.

Mkifika nyumbani tazameni plagi ya pasi. Pini ya ethi ni ndefu kuliko zile mbili. Ni makusudi: inaingia ya kwanza, inatoka ya mwisho. Tena ndiyo inayofungua vifuniko vidogo vilivyo ndani ya matundu ya chini, vilivyowekwa ili mtoto asiingize msumari. Sasa wewe na kalamu yako unavifungua kwa nguvu! Chaja ya simu ya plastiki haihitaji ethi, lakini tumia adapta inayofaa. Pasi au birika la chuma ukilikatia ethi, umeondoa ulinzi wake.

Tupige hesabu kidogo

Kanuni ya Ohm mnaijua, au siyo? Volti gawanya kwa ukinzani, unapata ampia. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Tuseme waya wa moto umechubuka ndani ya friji, ukagusa bodi. Hakuna ethi. Unakuja umelowa, huna viatu, mwili wako una ukinzani wa omu 1,000 hivi. 230 kwa 1,000 ni ampia 0.23. Ampia 0.01 tu inaweza kukaza misuli ya mkono usiweze kuachia. Ampia 0.23 inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka usimame.

Fyuzi je? Fyuzi ya ampia 13 haiwezi hata kushtuka kwa ampia 0.23. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Haikulindi wewe.

Ethi ikiwepo, umeme uliovuja unapata njia ya kwenda ardhini. Lakini sikilizeni vizuri: fimbo ikiwa kwenye udongo mkavu wenye mawe, ukinzani unaweza kufika omu 50. 230 kwa 50 ni ampia 4.6. Fyuzi bado imelala, na bodi ya friji bado ina umeme! Kwa hiyo ethi haitoshi kuwepo tu. Lazima ipimwe, na nyumba iwe na swichi ambayo mafundi huiita RCD. Hii inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Upungufu ukifika ampia 0.03, inakata papo hapo.

Ndege kwenye waya

Mmeona ndege akitua kwenye waya wa umeme asidhurike? Miguu yake yote miwili iko kwenye volti ileile. Mafundi hutumia akili hiyohiyo wanapounganisha mabomba ya chuma na vyuma vingine vya nyumba kwenye ethi. Ukishika bomba kwa mkono huu na hita kwa mkono ule, kusiwe na tofauti kubwa ya volti ya kupita kifuani mwako.

Ufanye nini?

1. Kifaa kikikupiga shoti, hata kidogo, zima swichi ya ukutani, chomoa, kisitumike. Ndala si dawa. Siku moja mdogo wako atakigusa pekupeku.

2. Tafuteni RCD kwenye boksi la swichi. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyezwe kila muhula. Isipokata, aitwe fundi.

3. Fundi awe na leseni ya EWURA. Apime ethi kwa kifaa, awaonyeshe namba. "Iko poa" si kipimo.

4. Mwenzako akinaswa, usimshike. Zima umeme kwanza. Asipopumua, ita msaada, kisha bonyeza kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akizinduka, bado apelekwe hospitali.

Najua mtaniambia: "Dada, baba atasema tumezoea." Usibishane na mzee. Mwambie, "Baba, leo tumefundishwa jambo, naomba nikuonyeshe." Mpigie hesabu ile ya 230 kwa 1,000. Kama mmepanga, mzee azungumze na mwenye nyumba. Gharama ya fundi ni kubwa, sikatai. Lakini kuchomoa friji leo ni bure.

Haya, maswali!