Wapimaji wa Msimbazi wako darasani

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea uchafu wa viwanda na vyoo. Maji hayo hayo humwagilia mchicha tunaoula. Nani aupime kila mwezi? Kule Afrika Kusini, wanafunzi na wanavijiji hutumia kipimo kiitwacho miniSASS: wavu, beseni (sokoni yamejaa) na orodha ya makundi 13 ya viumbe wadogo wa majini. Wakikuta minyoo na ruba tu, mto unaumwa. Wanafunzi wetu wanaweza. Lakini daftari lao likiishia kabatini kwa mwalimu, watakuwa wamekanyaga tope bure. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ilipokee, ilisome, iwajibu.