Sake na Ulanzi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chunya)



Tumeombwa kusema machache juu ya sake, pombe ya Wajapani ambayo baadhi yetu tumeionja, na kutoa shauri kama ulanzi wa Iringa wastahili kukaa meza moja nayo katika karamu yetu. Twasema mapema kwamba wastahili, ila kwa sharti.

Kwa kuwa sake ni nyeupe kama maji, watu huidhani kuwa ndugu ya gongo. Sivyo. Haipatikani kwa kukusanya mvuke. Huchachushwa kwa mchele, kama komoni ichachushwavyo kwa nafaka. Mahali pa kimea cha ulezi, Wajapani hutumia ukungu uitwao koji, uoteshwao juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, nao hugeuza wanga kuwa sukari.

Tuliyoionja ikiwa baridi ilikuwa ya namna iitwayo ginjo, ambayo mchele wake hukobolewa hata isibaki zaidi ya sehemu 60 katika 100 za punje. Ilinukia ndizi mbivu. Ulimini ilikuwa laini, na nyuma ya utamu tuliona ladha kama ya mchuzi wa uyoga. Ilipopashwa moto, ndizi ilijificha, wali ukatokea. Mwenzetu mmoja alisema ni maji ya mchele tu. Hatukukubaliana naye, ingawa kikombe cha kwanza kilielekea kumpa haki.

Ulanzi nao hugemwa wakati wa mvua, katika mwanzi mchanga ukatwao ncha asubuhi na jioni. Ukiwa mpya ni mtamu, wanukia majani mabichi, na povu lake huchezacheza mdomoni. Kesho yake huanza kuchoma. Kisha huwa mkali na mchungu. Wako waupendao hivyo, nasi twawaachia.

Hapa ndipo zinapoachana. Tangu karne ya 16, kabla ya Louis Pasteur kuzaliwa, Wajapani walikuwa wakiipasha sake moto isiharibike. Kwa hiyo chupa yake huvuka bahari salama. Ulanzi haungoji hata gari. Toka Iringa hata hapa kwetu, kupitia Mbeya, ni kilomita 400 hivi. Tunywao Chunya mara nyingi umekwisha kuchacha kupita kiasi, na pengine umetiwa sukari kuficha uchungu, nasi twasema ulanzi ni pombe duni. Ni kama kumhukumu karani kwa barua iliyolowa mvua njiani.

Sharti letu basi ni hili: atumwe mtu Iringa, aulize saa ya kugema, aonje kabla ya kulipa, arudi siku ile ile. Kifuniko cha dumu kisikazwe sana, maana ulanzi huendelea kuchacha safarini na dumu laweza kupasuka.

Na sake itolewe kwa vikombe vidogo. Nguvu yake ni kama sehemu 15 katika 100, na ya ulanzi mara nyingi ni kama 5. Atakayeipima kwa kikombe cha ulanzi, asipewe kazi ya kuandika kumbukumbu za karamu.