Siku ya Wasichana Kujitunza kwa Vitu vya Jikoni

[Muziki wa kufungua, sekunde 15, kisha unashuka.]

Kama uko Bwagiriza, Musasa, Kavumu au Nyankanda, na kama uko hapa mjini Bujumbura, Buyenzi, Kinama au Buterere, karibu. Leo sizungumzii mgao wala karatasi za usajili. Leo tunazungumzia miguu yako, mikono yako, uso wako na nywele zako.

Najua kuna atakayeguna: tumekimbia vita, hatujashiba, halafu huyu anatuletea habari za urembo! Hata mimi niliguna hivyo hivyo, mwaka wa kwanza baada ya kuvuka mpaka wa Gatumba. Kikundi chetu cha wasichana kilikuwa kinakutana Buyenzi kila Jumamosi, kwenye kibaraza cha tantini mmoja. Wengi wetu tulikuwa tunawafulia watu nguo, na mikono ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya unga. Siku moja tantini akasema: "Jumamosi ijayo hakuna mafunzo. Kila mmoja aje na kitambaa chake na kitana chake. Tutaoshana miguu."

Tulicheka. Lakini Jumamosi ile msichana mmoja, ambaye kwa miezi mitatu hatukumsikia akisema zaidi ya jina lake, alizungumza mchana kutwa. Ndiyo maana nimekuletea mada hii. Shika kalamu.

[Muziki mfupi.]

Kwanza, maji. Usitumie maji ya ziwa au ya mtaro. Chota ya bomba, yachemshe, yaache yawe vuguvugu. Mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusana. Kila mtu atumie kitambaa chake, na maji ya beseni yamwagwe na beseni lioshwe kabla ya mwingine kuingiza miguu. Wembe usipite kwa watu wawili, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Kwa wembe hupita virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Miguu: tia chumvi kiganja kimoja kwenye beseni la maji vuguvugu, loweka dakika 15. Sugua kisigino polepole kwa jiwe lako mwenyewe. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, maana fangasi hupenda unyevu. Kisha paka mafuta ya mise au mafuta ya nazi, uvae soksi ulale nazo. Kama una kidonda, usiloweke. Nenda kituo cha afya.

Mikono: changanya vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha mafuta. Sugua dakika mbili, suuza. Kama kuna mtu anayefanya kazi kwenye mkahawa mjini, mwombe machicha ya kahawa. Nchi hii inalima kahawa nzuri kule Kayanza na Ngozi, na machicha yake hutupwa bure. Yanasugua vizuri kama sukari, na sukari inabaki kwa chai.

Uso: usiusugue kwa sukari, ngozi yake ni laini. Paka asali kijiko kimoja, kaa dakika 10, osha. Vipande vya tango juu ya macho vinapoza. Basi, inatosha.

Nywele: ponda nusu ya avoka lililoiva sana, changanya na kijiko cha mafuta, paka, funika kwa mfuko safi dakika 20, kisha osha. Hapa nasema wazi: chukua lile avoka ambalo muuzaji anataka kulitupa jioni. Chakula cha mtoto hakipakwi kichwani.

Sisi tulichanga faranga 1,000 kila mmoja. Asiyekuwa nazo alileta kuni au alichota maji. Hakuna aliyeulizwa kwa nini.

[Muziki mfupi.]

Sasa ya kuepuka. Ndimu usipake usoni wala mikononi kisha ukatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Dawa ya meno si dawa ya chunusi. Na hina: ile ya asili hutoa rangi nyekundu au ya kahawia. Ukiambiwa hii ni hina nyeusi, ya dakika chache tu, mara nyingi imetiwa rangi ya nywele, na hiyo huweza kukutoa malengelenge. Mchanganyiko wowote, hata wa asali, ujaribu kwanza ndani ya mkono na usubiri siku moja.

Na mkorogo. Jumamosi ile ile, binti mmoja alitoa mfukoni kikopo kisicho na jina. Aliambiwa kwamba akiwa mweupe atapata kazi dukani. Wenzake wakaanza kumcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimepaka kama huo miezi minne. Uso wangu ulikuwa umeng'aa, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na nikisimama juani ulikuwa ukiwaka kama umepakwa pilipili. Nilikuwa sijamwambia mtu. Siku hiyo nilisema.

Dada, nyingi za krimu hizo zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Zebaki huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hata anayetumia taulo lako anaweza kuipata. Kwenye kopo tafuta maneno calomel, mercury au mercurio. Ukiyaona, acha. Kopo lisilo na maandishi, acha vilevile. Kama umepaka muda mrefu, nenda kwa muuguzi ukiwa na kopo lako akuongoze, kwa maana ukiacha steroidi ghafla ngozi huweza kuwaka zaidi. Na kama mwenzako anapaka, usimcheke. Anayechekwa hujificha, na anayejificha hutibiwa akiwa amechelewa.

Tantini alituambia kwamba kule pwani bibi harusi hupakwa singo na liwa, ngozi ing'ae na inukie. Mwisho akasema: "Kutunza ngozi ni kuiheshimu. Kuichubua ni kuigombeza kwa kosa ambalo haikulifanya."

[Muziki mfupi.]

Jambo la mwisho. Mtu anapooshwa miguu, moyo hufunguka. Huenda mwenzako akakusimulia alichofanyiwa njiani au anachofanyiwa nyumbani. Msikilize, usimhoji, usimpelekee jirani habari. Kama amebakwa, mwambie kwamba kuna dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ambayo ni lazima ianze kabla ya saa 72 kupita. Hapa Bujumbura, Kituo cha Seruka hupokea waliofanyiwa ukatili wa kingono. Kambini, anzia kituo cha afya. Hata kama saa hizo zimepita, aende tu. Msindikize, usimwache aende peke yake.

Maswali ya kujadili kikundini: Nani kwetu hajawahi kuja, na kwa nini? Nani alikuambia kwamba rangi yako ni tatizo, na yeye anapata nini ukiamini? Jumamosi ijayo, maji atachota nani?

Yule binti wa kikopo alikiacha kwa tantini. Kazi ya dukani hakuipata, sitakudanganya. Anasuka nywele pembeni ya soko la Ruvumera, na wateja wake humngojea.

Basi dada yangu, pasha maji. Mimi ni mtangazaji wako, tukutane wiki ijayo.

[Muziki wa kufunga.]